Miezi Ambayo Vidole Vyangu Vilinyamaza

Huku kwetu mtu mwenye mkono mchafu hakunyimi salamu. Anakunja kiganja, anakupa kifundo cha mkono, unakishika, mnaendelea na habari za nyumbani. Anayepara samaki hufanya hivyo, anayetoka kukanda udongo hufanya hivyo. Mimi kwa miaka kadhaa nilifanya hivyo nikiwa nimenawa, nimejipaka mafuta na nimevaa nguo ya Jumapili, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa havishikiki.

Kanisani kwetu Mundika ibada ikiisha hatutawanyiki ovyo. Wa kwanza kutoka anasimama nje ya mlango, wa pili anamsalimu na kusimama kando yake, wa tatu anawasalimu wote wawili, hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka uwanja na kila mtu ameshikana mkono na kila mtu. Nilipokuwa mzima niliona ni kupoteza wakati, nikiwaza sufuria niliyoacha mekoni. Nilipougua ndipo nilipoanza kuutamani mstari ule. Nilikuwa napita nikitoa kifundo kwa huyu, kifundo kwa yule, macho chini. Mama mmoja mzee asiye na haya alinishika, akanigeuza kiganja na kukikagua.

“Kwani wewe ulikuwa unalima ndani ya kanisa?”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kusimama nyuma ya jengo nikalia kwa hasira, maana sikuwa na jibu fupi la kumpa. Ugonjwa wangu hauna jibu fupi. Vitabuni unaitwa baridi yabisi, na ukimwambia mtu wa hapa una baridi yabisi anakushauri uvae sweta.

Kazi yangu ni kushona gomesi. Ni lile vazi la heshima la akina mama wa pande zote mbili za mpaka, lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili shingoni upande wa kushoto na mshipi mpana kiunoni. Cherehani yangu iko Busia mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa la Muislamu mmoja ambaye haniiti kwa jina lolote isipokuwa fundi. Wateja wangu wengi ni wanawake wanaojiandaa kwenda kuonyeshwa wakwe ng'ambo ya pili, na mwanamke wa namna hiyo hataki bega lililolala. Bega la gomesi linataka kidole gumba chenye nguvu. Unakunja, unabonyeza, unashikilia huku sindano inapita. Nilijivunia mabega yangu kuliko uso wangu.

Ugonjwa ulianza mwaka wa nne wa ndoa yangu, wakati wa mvua ndefu. Asubuhi niliamka vidole vikiwa vigumu, nikadhani nimelalia mikono. Vikalainika jua lilipopanda. Kesho yake vikachelewa zaidi kulainika, na wiki chache baadaye nilikuwa nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto anayefundishwa kunywa. Vifundo vilivimba, magoti yakafuata. Kuna waliosema nimerogwa na fundi mwenzangu. Kuna waliosema ni malaria imeingia mifupani. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Malaba kwa wakala wa forodha na huja nyumbani Jumamosi, hakusema lolote. Alijifunza kunifungia vifungo vya blauzi. Vidole vyake ni vinene na alikuwa anakosea tundu, nami namkemea kwamba angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye hospitali kubwa, safari ya asubuhi nzima kutoka hapa, kwa daktari mwanamke aliyebobea katika magonjwa ya viungo na ambaye wakati huo alikuwa pia anafanya utafiti wake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alinyoosha mkono kunisalimu, akaona ninavyosita, akaurudisha mfukoni bila kunifanya nijisikie vibaya.

Alinibonyeza viungo vyote kimoja kimoja, vidole, vifundo, viwiko, mabega, magoti. Kila alipobonyeza aliuliza, “Hapa kunauma?” kisha akasema kwa sauti kilichovimba na kisichovimba. Halafu akanipa karatasi yenye mstari mmoja ulionyooka. Mwisho wa kushoto ni mtu asiyeumwa kabisa, mwisho wa kulia ni maumivu mabaya kuliko yote. Niweke alama pale ninapojisikia.

Niliweka karibu kabisa na kushoto.

Daktari aliangalia alama, akaangalia mikono yangu, akaangalia alama tena. “Dada, vidole vyako haviwezi kukunjika. Mbona umeweka hapa?”

“Si mbaya sana, daktari. Tunashukuru.”

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri, hata kama nyumba inawaka moto nyuma yako. Ukishasema nzuri ndipo unaweza kueleza habari za moto. Daktari aliniambia kwamba karibu wagonjwa wake wote kutoka upande huu huweka alama palepale, na kwamba mistari yetu inamvurugia hesabu. Alikuwa anacheka, lakini alikuwa anasema kweli. Kiwango cha ugonjwa hupatikana kwa kujumlisha viungo vilivyovimba, viungo vinavyouma, kipimo kimoja cha damu na ule mstari. Mgonjwa akidanganya mstari kwa adabu, kiwango kinatoka chini kuliko ukweli.

Ndiyo maana, alisema, yeye anataka kuziuliza chembe zenyewe. Chembe za kinga hazina adabu.

Alinieleza na mimi nilielewa kwa njia yangu. Ndani ya damu kuna chembe zinazolinda mwili. Kwangu mimi zimekosea, zinapigana na viungo vyangu mwenyewe zikidhani ni adui. Kila chembe ina vitu vidogo vilivyochomoza juu ya ngozi yake, na kila aina ina vyake. Chembe ikikasirika inaongeza kingine ambacho haikuwa nacho ilipotulia. Kuna mashine inayozipitisha moja moja mbele ya mwanga na kusoma ni ipi imevaa nini. Nilimwambia mume wangu jioni ile kwamba ni sawa na malori ya Malaba yanavyopita kwenye skana, na kwamba mtu anayejua namba za magari anajua lipi la Kigali na lipi la Mombasa kabla dereva hajafungua mdomo. Alifurahi sana. Kwa mwezi mzima aliwaeleza wenzake kazini kwamba mke wake ana damu yenye namba za usajili.

Daktari alitaka kuchukua damu yangu kila ninapokuja, aone kama alama za chembe zinapanda na kushuka pamoja na ugonjwa. Nilikubali. Sikuwa na haja ya kufikiri, maana nilikuwa na jambo langu nililotaka kwake, kubwa kuliko damu.

Nilitaka mtoto.

Hatukuwa tumepata. Miaka ya kwanza haikutokea tu, kisha ugonjwa ukaja, na dawa aliyonianzishia daktari, vidonge vidogo vya njano vya mara moja kwa wiki, ni dawa ambayo mwanamke akiitumia hatakiwi kushika mimba. Inamharibu mtoto. Alinieleza hilo mara mbili, akahakikisha nimeelewa, akanipa njia ya kuzuia. Alisema mlango haujafungwa. Viungo vikitulia, na vikae vimetulia nusu mwaka, atanibadilishia dawa nyingine zisizomdhuru mtoto, tungoje hii ya kwanza iishe mwilini, kisha tujaribu. Kwa hiyo mimi sikuhesabu uvimbe kama wagonjwa wengine wanavyohesabu. Kila kidole kilichovimba kwangu kilikuwa mtoto amerudishwa nyuma tena.

Mama mkwe wangu alijua. Naishi naye boma moja, nyumba yake na yangu zinatazamana, na mume wangu ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Si mwanamke wa kusema maneno. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini tumbo ni lile lile. Alichofanya ni kunipikia uji wa wimbi na muhogo kila asubuhi, kwa sababu alijua kwamba saa ile mimi siwezi kushika mwiko, akauleta mwenyewe na kuniwekea mezani. Nilimpenda kwa huo uji. Nasema hivyo mapema kwa sababu ya yanayofuata.

Siku moja alirudi kutoka soko la ng'ambo ya pili na unga wa kahawia kwenye kikaratasi. Aliyemuuzia, mama mmoja wa Kiganda mwenye meza karibu na wauza ndizi, alimwambia, “Nyabo, mama yangu, hii ni ya miti tupu. Changanya kwenye chakula, viungo vitakuwa kama vya msichana.” Mama mkwe alinionyesha, nikaunusa, nikasema sawa. Akawa anatia kijiko kidogo kwenye uji wangu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Wiki haikuisha nikaamka na kufunga vifungo vyangu mwenyewe. Nilikaa kitandani nikavifungua na kuvifunga tena kwa raha tu. Nilirudi kwenye cherehani, nikashona bega, likasimama. Nilipata hamu ya kula. Uso wangu ulijaa, mashavu yakawa ya mviringo, na sokoni wanawake wakawa wananiambia nimenawiri, nimependeza, bila shaka kuna jambo. Mama mkwe alisikia maneno hayo na kuyabeba nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Safari ya kwanza nilimwambia daktari tu kwamba viungo vimeanza kutulia, akachukua damu; safari ya pili nilienda nikiwa nimevaa gomesi yangu ya kijani, niliyoilegeza kiunoni. Alinibonyeza viungo vyote, hakupata kinachouma wala kilichovimba. Niliweka alama kwenye mstari mwisho kabisa wa kushoto, na safari hiyo ilikuwa kweli. Nilingoja aseme tuanze kuhesabu nusu mwaka.

Hakusema. Alikuwa ananiangalia usoni. Aliinua mkono wa gomesi akakuta mabaka ya damu chini ya ngozi, ambayo mimi sikuyajali. Akapima presha, akakuta imepanda. Akafungua kompyuta yake.

“Damu ya safari iliyopita,” alisema, “niliichukua siku uliyoniambia viungo vimeanza kutulia. Lakini zile chembe zinazokusumbua bado zimevaa vitu vyao vya hasira. Si kidogo. Huu ni utafiti, siwezi kuamua matibabu kwa hicho peke yake. Lakini nikikiweka pamoja na uso wako, lazima nikuulize. Unatumia dawa gani nyingine?”

“Hakuna, daktari.”

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna.”

Sikuwa namdanganya. Hapa kwetu dawa ni kidonge, au sindano, au kitu chenye maandishi ya kiwanda. Kitu kinachopikwa na mama mkwe wako kikaliwa kwa kijiko ni chakula. Akauliza vizuri zaidi. “Asubuhi unakula nini?”

Nikamwambia. Uji wa wimbi na muhogo, na ule unga.

Aliandika kila neno. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ameshaona unga wa namna hiyo, kwamba mara nyingi ndani ya hiyo miti huwa kumesagwa vidonge vikali vya kupunguza uvimbe, vya aina ambayo hospitali hupima kwa uangalifu. Vinaziba mdomo wa ugonjwa bila kuuondoa. Vinajaza uso, vinapandisha presha na sukari, vinakula mifupa. Na huwezi kuviacha ghafla, mwili unaweza kuzima. Ilibidi anipe vile vile vidonge kwa kipimo kinachojulikana, tuvipunguze polepole.

“Na mtoto?” niliuliza.

“Hatujaanza kuhesabu, dada. Pole.”

Kumwambia mama mkwe kulikuwa kugumu kuliko kusikia. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa kando yake, nikamweleza yote, nikajaribu kuyapamba, lakini habari kama ile haipambiki. Aliendelea kuchambua. Baadaye aliweka ungo chini.

“Kwa hivyo mimi nilikuwa nakuwekea sumu.”

“Hapana, Mama. Wewe hukujua. Hata mimi nilikunywa.”

“Lakini ni mkono wangu ulikuwa unaweka.”

Aliingia ndani, akatoka na kikaratasi, akamwaga kilichobaki chooni. Kwa siku nyingi hakuleta uji. Nilipomfuata kumwomba anipikie, alinipa muhogo mkavu na wimbi nikasage mwenyewe, nijue kilichomo. Nilikasirika naye kwa hilo kuliko nilivyokasirika kwa unga. Sikutaka kujua kilichomo. Nilitaka uji wake. Nilikaa jikoni kwake nikakataa kutoka mpaka alipoinjika sufuria, na tulikunywa pamoja.

Vidonge vilipopunguzwa, ugonjwa ulirudi na kisasi chake. Sitaki kuandika sana juu ya mwaka ule. Mume wangu alikuwa anakuja Jumamosi, ananikuta nimekaa palepale aliponiacha Jumapili, ananisalimu kwa kunishika kiwiko, kwa sababu kiwiko cha kushoto ndicho kilichokuwa kimebaki rafiki. Daktari aliongeza dawa, akabadilisha, akachukua damu. Nilijifunza kuweka alama ya kweli kwenye mstari. Mara ya kwanza nilipoiweka mbali upande wa kulia niliona aibu, kana kwamba nimepiga kelele mbele ya wageni.

Kisha, polepole, mambo yakawa mazuri. Hayakuja kwa kishindo kama yale ya unga. Kidole kimoja kilikunjika, wiki kadhaa baadaye kingine. Uso wangu ulirudi kuwa wangu, na sokoni waliniambia nimekonda. Siku moja daktari alinibonyeza kote, akabonyeza tena, kisha akasema tuanze. Tulihesabu nusu mwaka. Chembe nazo zilikuwa zimevua vingi vya vile vitu vyao vya hasira. Akasimamisha vidonge vya njano, akanipa vingine, tukangoja tena. Nakumbuka mume wangu akiniambia kwamba hata lori la mafuta halingoji Malaba kama alivyongoja yeye.

Nilishika mimba mwaka jana, msimu wa embe.

Daktari alikuwa amenidokeza kwamba kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, mimba huutuliza. Kinga ya mwili inajizuia isimpige mtoto, ambaye nusu yake ni mgeni, na katika kujizuia huko inasahau pia kupiga viungo. Nilisikia kwa sikio la adabu, kama unavyosikia hadithi ya mtu aliyepona kwa maombi. Halafu ikanitokea. Nilipofika mwezi wa tatu niliamka asubuhi na mikono yangu ilikuwa mikono tu. Havikuwa vidole vilivyolainishwa na dawa, ambavyo daima hubaki na wasiwasi fulani ndani, kama mbwa aliyelala jicho moja wazi. Vilikuwa vidole vya kabla ya ugonjwa. Nilikuwa nimesahau kwamba vidole havisikiki. Mtu asiyeumwa hajui kwamba ana vidole.

Nilishona. Nilifua mablanketi. Nilimenya njugu kwa kucha. Nilishika uso wa mume wangu kwa viganja vyote viwili nikaubana mpaka akalalamika. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa na sikumficha mtu. Na nilijua furaha ile inatoka kwa nani. Mtoto alikuwa na ukubwa wa limau na tayari alikuwa amefanya kazi iliyoishinda hospitali. Nilimwambia hivyo, nikiwa kwenye cherehani, chini ya kelele za pikipiki zinazokimbilia mpakani, nikamshukuru.

Mwezi wa nne nilikwenda kwa daktari. Alinibonyeza viungo akacheka kwa raha. Akachukua damu, zaidi kidogo ya kawaida, akaniomba radhi. Alisema katika wagonjwa wake wote wa utafiti mimi ndiye wa kwanza kushika mimba na anataka sana kuona chembe zimevaa nini. Nikamwambia achukue tu, leo nina damu nzuri.

Mwezi wa tano mimba ilitoka. Ilikuwa mchana, siku ya kawaida. Daktari alisema baadaye kwamba haikuwa dawa, haikuwa mikono yangu, haikuwa kushona wala mablanketi, na kwamba mara nyingine haijulikani. Nilimwamini. Haikusaidia.

Kwa desturi ya kwetu, mimba iliyotoka haiwekewi matanga. Wanawake watu wazima waliizika nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na mimi sikuitwa. Haiitwi jina, hailiwi kilio, haizungumzwi, ili isifunge njia ya mwingine. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu, akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mguu juu ya blanketi. Sina ugomvi na desturi hiyo. Waliiweka watu waliopoteza wengi. Lakini ilinikuta mimi nikiwa sina picha, sina nguo, sina mahali pa kusimama nikatazama, na sina hata neno la kumwitia yule niliyekuwa namshukuru nikiwa kwenye cherehani.

Wiki chache baadaye vidole vilianza. Kwanza cha shahada cha kulia, asubuhi. Nilikitazama nikiwa bado nimelala. Nilijua maumivu yale, tumekaa pamoja miaka, lakini siku ile yalinichoma mahali pengine. Kinga yangu ilikuwa imepata habari. Imejua kwamba hakuna tena wa kumheshimu, na imerudi kazini.

Nilipokwenda kwa daktari alinipa pole, akanibonyeza, akahesabu vilivyovimba. Vilikuwa vingi. Niliweka alama kwenye mstari bila kuona aibu yoyote. Alipokuwa anafunga mkono wangu kuchukua damu, nilimuuliza mashine ilisema nini juu ya ile damu ya mwezi wa nne.

“Bado sijaipitisha,” alisema. “Siku hizi hatuzisomi kila safari kama mwanzo; nimezigandisha chembe. Tunaziweka kwenye baridi kali, halafu mwishoni nazipitisha zote kwa pamoja, ili mashine izisome siku moja.”

“Zimekufa?”

“Hapana. Zimesimama tu. Ukiziyeyusha vizuri zinaamka kama zilivyokuwa.”

Nesi aliita jina la mtu huko nje, kiti kikaburuzwa. Nilikuwa naelewa polepole, kwa namna yangu. Mahali fulani katika jengo lile, ndani ya kichupa, kulikuwa na chembe zangu ambazo hazijapata habari. Zilitolewa mwilini mwangu siku ambayo mtoto alikuwepo na bado zimejizuia kwa ajili yake. Mwili wangu wote ulikuwa umeshaambiwa. Zile peke yake zilikuwa bado zinamwekea nafasi.

“Zikipita kwenye mashine zinarudi kwenye friji?”

“Hazirudi. Zikishasomwa zinamwagwa pamoja na maji.”

Nilimwomba aziache. Nililisema jambo hilo vibaya, nikiwa nalia na mkono mmoja umefungwa mpira, na nilidhani ataniona nimerukwa na akili. Yeye anazihitaji zile kuliko za mgonjwa mwingine yeyote; nilijua hilo. Alitoa sindano, akabandika pamba, akaishikilia pale kwa kidole chake muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Naweza kuziweka za mwisho,” alisema. “Mpaka lini, dada?”

Nikamwambia, nikishika mimba nyingine, hizo za mwezi wa nne azichukue zote.

Tumeanza tena kuhesabu. Dawa imekubali, vidole vingi vimetulia, nashona mabega asubuhi ikishapita. Vimetulia kwa dawa, na daktari akijumlisha anapata namba ndogo, karibu sawa na ile ya mwezi wa nne. Kwenye karatasi yake huo ni utulivu mmoja. Mimi naujua mwingine, na nautamani kila ninapoamka, kabla sijakunja kidole cha kwanza kuona siku imekujaje.

Nilikuwa kwake mwezi uliopita. Alishamaliza kupitisha damu za wagonjwa wenzangu wote. Sikutaka kumuuliza, lakini nilipofika mlangoni niligeuka, naye alikuwa ameshajua.

“Ziko palepale,” alisema.